Sucha ya Majani Madogo

Mama alivunjika nyonga akienda kuchuma mboga. Mvua ilikuwa imenyesha Iguhu tangu mchana wa jana yake, kijia cha nyuma ya jikoni kilikuwa kimelainika kama sabuni, naye alitoka na kikapu chake bila viatu, kama alivyozoea maisha yake yote. Jirani aliyemsikia akiita alimkuta amelala kwa ubavu katikati ya matuta. Neno la kwanza Mama alilomwambia, kabla hata ya kuomba ainuliwe, ni kwamba aangalie asikanyage kunde.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, na ndimi kitindamimba wa mama yangu. Ndugu zangu wawili wanaishi mbali. Kwa hiyo aliporuhusiwa kutoka hospitalini hakukuwa na mjadala mrefu, alikuja kwangu. Mke wangu ni muuguzi. Anajua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na anajua pia kumkaripia mgonjwa bila kumvunjia heshima, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza. Tulimpa Mama chumba cha nyuma kwa sababu kilikuwa karibu na choo. Hatukufikiria kwamba dirisha lake lilitazama kipande cha ardhi kilichojaa nyasi, hatua kama kumi na tano kwa nane, ambacho tangu tuhamie humo hatukuwahi kukitumia kwa lolote zaidi ya kuanika nguo.

Alikuwa anakula kidogo sana. Mwanzoni tulizilaumu dawa. Mke wangu alinunua mboga sokoni karibu kila siku, sukuma wiki, spinachi, kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na Mama alizionja zote kwa adabu. Alimega ugali mara tatu, akagusa mboga, akasema ameshiba, Mungu awabariki. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta ameegemea dirisha.

"Hapa nyuma mnalima nini?" aliniuliza.

"Hatulimi kitu, Mama."

"Na hizo nyasi ni za ng'ombe gani?"

"Hatuna ng'ombe."

Alikunywa chai yake taratibu. "Basi mnamtunzia nani?"

Nilimweleza mke wangu maneno hayo akacheka mpaka akaketi. Kisha akaniambia yeye ana zamu zake za hospitali, mama ni wangu na nyasi ni zangu. Kwetu mboga ni kazi ya wanawake. Mwanamume akilima miwa au mahindi hakuna anayegeuza shingo kumtazama, lakini mwanamume aliyechuchumaa kwenye tuta la mboga na suruali ya ofisini imekunjwa hadi magotini huwa ni habari ya mtaa mzima. Jumamosi ile nilipoanza kulima, jirani yetu, mama mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa mjini, alisimama upande wake wa ua, akanisalimu kwa salamu ndefu za Kimumias, akauliza habari za mgonjwa, kisha akabaki pale akiniangalia kana kwamba anasubiri nimalize mzaha wangu.

Nililima hadi mvua ya saa tisa iliponifukuza. Jumatatu yake, wakati wa chakula cha mchana, niliingia agroveti kutafuta mbegu.

Sikuwahi kujua kwamba mboga zina majina mengi hivyo. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, mvumilivu kuliko nilivyostahili. Nilimwambia nataka mbegu za kabichi. Akaniuliza kabichi gani, ya kichwa kikubwa au kidogo, inayowahi au inayokawia, inayostahimili kuoza wakati wa mvua au ile nyingine. Nikahamia nyanya. Akaniuliza kama nitaziwekea miti au nitaziacha zitambae. Nikasema sukuma wiki tu. Akanionyesha pakiti nne za sukuma wiki, zote zikiwa na picha za majani mabichi yasiyo na tundu hata moja. Mwishowe nilifanya kama mtoto dukani, nikachagua kwa kuangalia picha. Nilitoka na pakiti saba, ikiwemo moja ya sucha, ile mboga ambayo wengi nchini huiita managu na vitabuni huitwa mnavu. Picha yake ilikuwa na jani pana kama kiganja changu.

Nilizipanga zile pakiti kitandani mwa Mama kama mtu anayetandaza zawadi. Hakujua kusoma sana, lakini alizichukua moja moja, akazitikisa karibu na sikio, akazifungua pembeni, akamwaga mbegu chache kiganjani.

"Hizi zimepakwa rangi," alisema. Zilikuwa za rangi ya waridi.

"Ni dawa, Mama. Wadudu wasizile."

"Mbegu ambayo mdudu haili." Alizirudisha ndani ya pakiti kwa uangalifu. Kisha akaniuliza, "Na hizi zikizaa, ukitoa mbegu zake, zitaota tena?"

Nilikumbuka muuzaji alikuwa amesema kitu kuhusu hilo. "Zingine hazifai kurudia. Unanunua upya."

"Kila msimu?"

"Kila msimu."

Mama alinitazama kwa huruma halisi, kama mtu aliyegundua kwamba mwanawe amekuwa akiishi kwa shida miaka yote hiyo bila kumwambia.

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha kuchagua. Hakuanza na mboga, alianza na sisi. Aliniuliza ni nani atakuwa nyumbani kuchuma, na saa ngapi. Nilimwambia tunarudi jioni tumechoka wote wawili. Basi saga, yaani mgagani, ipandwe kidogo tu, akasema, kwa sababu ukikawia kuichuma inakimbilia kutoa maua na hapo imekwisha. Aliuliza ni nani hapendi mboga inayoteleza. Nikasema mimi. Alijua, alikuwa ananipima tu kama nitasema uongo mbele ya mama yangu. Basi mrenda uwe mstari mmoja, wa kulainishia kunde, maana kunde peke yake hukwama kooni. Sukuma wiki isipandwe kwa mbegu kabisa. Nitafute mtu mwenye ile inayokaa miaka, nivunje machipukizi yake nichomeke ardhini. Kabichi alikataa. Alisema ukikata kabichi umemaliza, umebaki na shimo, na yeye hapendi mboga inayochumwa mara moja.

"Mke wako anapenda nini?" aliuliza.

Nilisita. Tumeoana miaka kumi na tisa.

"Nenda umuulize," Mama alisema. "Unapanda vipi kama hujui?"

Nilikwenda jikoni nikamuuliza. Mke wangu aliacha kukata kitunguu. Alisema anapenda dodo, mchicha ule mwekundu, kwa sababu nyanyake alikuwa anampikia, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kwa hiyo dodo ikapata tuta lake, karibu na mlango, mahali pazuri kuliko pote.

Katika pakiti zangu saba Mama alikubali moja tu, ile ya sucha. Nadhani aliniona uso. Tukaipanda, na ninakiri kwamba niliipenda kuliko mboga zingine zote. Iliota kwa pamoja kama jeshi. Baada ya wiki sita ilikuwa imenifika magotini, majani mapana, laini, ya kijani cha kung'aa. Niliipiga picha nikawatumia ndugu zangu, na nikaanza kuongea ofisini kama mtaalamu wa kilimo. Jioni ya kuichuma niliipika mwenyewe kwa maziwa, mke wangu akinielekeza. Nikampelekea Mama bakuli likiwa bado linatoa mvuke.

Alionja. Akatafuna. Akasema, "Hii ni mboga nzuri."

Mtu mwingine angefurahi. Lakini namjua mama yangu. Sauti ile ni ile anayoitumia anapokuwa mgeni nyumbani kwa watu, akikaribishwa chakula ambacho hatarudia. Alikula nusu bakuli kwa ajili yangu. Niliketi kando ya kitanda nikamwomba aniambie ukweli.

"Haina uchungu," alisema. "Ni kama mtu amechemsha maji yakawa kijani. Mimi sucha yangu ina majani madogo, hivi." Alinionyesha ncha ya kidole gumba. "Shina lake lina vinyweleo. Tunda likiiva linakuwa rangi ya chungwa. Wewe mwenyewe ulikuwa unayala hayo matunda ukirudi shule, mdomo unakuwa wa njano. Ukiipika siku ya kwanza huwezi kuila. Siku ya pili unaanza kuielewa. Ya tatu unaomba isiishe."

"Nitakuletea," nikasema. Sikujua nasema nini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Iguhu. Nyumba ya Mama ilikuwa salama, lakini bustani haikuwepo. Binamu yangu, aliyeombwa kuangalia boma, alikuwa ameona ardhi imekaa bure akailima yote pamoja na kijia, akapanda mahindi. Alinionyesha kwa fahari. Alikuwa amefanya kwa nia njema, nami nikamshukuru. Nilitembea kati ya mahindi nikiinamia kila jani dogo. Nilikuta kunde tatu zilizojiotea na mche wa malenge. Sucha hakuna. Niliwauliza majirani wawili, wote wakaniambia siku hizi wanapanda ile ya majani mapana, hiyo ya zamani ni chungu, watoto wanakataa.

Nilirudi nikamweleza Mama. Sikumficha habari ya mahindi. Aliinamisha kichwa, na nilifikiri analia, lakini alikuwa anawaza.

"Ile mbegu anayo mama yako mdogo," alisema hatimaye.

Hapa lazima nieleze. Baba alikuwa na wake wawili. Mama ndiye wa kwanza. Mama mdogo aliolewa nikiwa darasa la tatu, na waliishi boma moja, majiko mawili, bila ugomvi mkubwa ninaoukumbuka. Baba alipofariki, mama mdogo hakuwa amejaliwa mtoto. Baada ya matanga aliamua kurudi upande wa kwao, karibu na Shianda, ambako kaka yake alimpa kipande cha ardhi pembeni mwa miwa. Siku aliyoondoka kulikuwa na maneno. Mimi nilikuwa mjini. Nilichosikia ni kwamba Mama alimwita mwizi mbele ya watu wa ukoo na wa kanisa, naye akaondoka bila kuaga. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja. Sikuwahi kuuliza aliiba nini. Nilidhani ni sufuria, au blanketi, au kitu cha Baba.

"Aling'oa miche yangu ya sucha," Mama alisema. "Akaifunga kwenye jani la ndizi akaiweka kwenye kikapu. Basi kama haikufa, anayo."

Nilimwangalia. "Ulimwita mwizi kwa sababu ya sucha?"

"Ilikuwa yangu. Mama yangu alinipa nikiolewa." Akageukia dirisha. "Ukienda, usimwambie nimekutuma."

Nilikwenda Shianda nikiwa na sukari, mkate na aibu. Boma la mama mdogo lilikuwa mwisho wa njia ya trekta, miwa imelizunguka pande tatu, hivi kwamba ukisimama uani unasikia upepo kabla ya kuuona. Alikuwa amezeeka. Alinitambua kabla sijafika langoni.

"Mulembe," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita kwa jina la utani alilonipa nikiwa mtoto. Hakuniuliza chochote. Alichinja kuku. Nilijaribu kumzuia, akaniambia nisimwonyeshe jinsi ya kumpokea mtoto wake. Nilikula ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, nikanawa mikono, ndipo aliposema, "Sasa. Mtu wa ofisi hatembei bure. Mama yako anaumwa?"

Nilimweleza yote, nyonga, dirisha, sucha ya majani mapana, mahindi ya binamu. Nilipofika mahali pa kutaja mbegu sauti yangu ilipungua. Yeye alisikiliza akiwa ameangalia mikono yake.

"Amekutuma?"

"Hapana, Mama."

"Amekutuma," alisema bila hasira, akainuka. "Njoo."

Nyuma ya jikoni lake kulikuwa na matuta manne. Nilipoona lile la tatu nilijua bila kuambiwa. Majani madogo, shina lenye vinyweleo, vishada vya matunda ya rangi ya chungwa. Alichuma tunda moja akanipa. Nililitia mdomoni. Nilikuwa na miaka minane, nimevaa kaptura ya shule, nimesimama nyuma ya jikoni la mama yangu.

Aliniambia kwamba miche aliyokuja nayo ilinyauka yote isipokuwa miwili. Aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Iliyobaki ikatoa matunda, akatoa mbegu, na kila mwaka tangu hapo amekuwa akipanda tuta moja. "Mimi mwenyewe siipendi," alisema. "Mimi ni mtu wa mitoo, ile mboga ya maua ya njano. Hii ni chungu sana."

"Kwa nini basi unaipanda kila mwaka?"

Aliondoa jani lililokauka kwenye shina. "Mtu akikuita mwizi wa kitu, halafu ukiache kife?"

Nilimwomba mbegu kidogo. Akakataa. Alisema yeye alitukanwa mbele ya watu, kwa hiyo hatamrudishia mtu kitu kupitia mtoto kana kwamba anajificha. Ataleta mwenyewe. Alichagua Jumamosi ya pili, akanipa mitoo ya kubeba, na akanisindikiza hadi barabarani.

Nilipomwambia Mama, aliendelea kunywa chai yake. Lakini Ijumaa usiku wa kuamkia siku ile alimwomba mke wangu amtolee lile gauni la kanisani lenye kola nyeupe. Asubuhi alitaka kuketi nje. Tulimtoa taratibu, yeye na kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, tukamketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na dodo. Alikaa pale kama hakimu.

Mama mdogo alifika saa nne. Mbegu alizifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili. Alisimama mbele ya kiti, akasema, "Dada, umeamkaje."

"Nimeamka. Wewe je."

"Mimi mzima."

Waliulizana habari za mvua, za miwa, za wagonjwa wengine, za waliokufa. Mke wangu alileta chai na akanivuta mkono twende ndani. Mimi sikwenda mbali. Nilisimama mlangoni nikijifanya natengeneza komeo.

Walikunywa chai. Kisha mama mdogo akaweka kikombe chini.

"Niliichukua," alisema.

"Najua. Nilikuwa dirishani. Nilikuona ukiing'oa mmoja mmoja."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza mpaka watu wakajaa."

Mama mdogo alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari aliyoitarajia. "Nilikuwa naondoka mikono mitupu, dada. Miaka yote ile. Ningekwenda kwa kaka yangu na nini?"

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Mama alifikiria. Nilimwona kutoka mlangoni, na nilijua anafikiria kweli, hatafuti jibu zuri.

"Siku ile?" alisema. "La. Nisingekupa."

Ndege walikuwa kwenye kamba ya nguo. Kisha mama mdogo akafungua fundo la kwanza la leso, na Mama akanyoosha mkono.

"Umezichanganya na majivu?" aliuliza akizisugua kwa kidole.

"Ya maganda ya maharagwe."

"Sawa. Zimwagwe tu juu, zifunikwe kidogo."

"Zipandwe kwa mstari, dada. Ukizimwaga, huyu atajuaje kutofautisha mche na magugu?" Alinionyesha kwa kidevu, mimi na komeo langu.

"Atajifunza."

"Na asipojifunza atazing'oa zote."

Walibishana hivyo hadi saa saba. Zilipandwa kwa mstari. Mama alisema ni kwa sababu yangu, siyo kwa sababu mama mdogo alikuwa sahihi. Fundo la pili lilikuwa mbegu za mitoo, ambazo hakuna aliyeziomba. Ili zipate nafasi, ilibidi ile sucha yangu ya majani mapana ing'olewe. Niliing'oa mwenyewe. Jirani yetu muuza vitambaa alifurahi kuichukua yote. Aliniambia watoto wake wanaipenda hasa kwa kuwa haina uchungu, na nikamwamini, kwa sababu ndiyo maana watu wanaipanda. Sikuiona mbaya tena. Ilikuwa haijafika nyumbani kwake tu.

Siku tisa hakuna kilichotokea. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kabla ya kuvaa tai. Siku ya kumi kulikuwa na nukta za kijani. Mbili nilizing'oa nikidhani ni magugu, na Mama akaniona kupitia dirisha, akagonga kioo kwa kidole.

Tulipochuma mara ya kwanza haikujaza hata bakuli. Mke wangu aliipika huku akiwa kwenye simu na mama mdogo, ambaye alikuwa anatoa maagizo kwa sauti ambayo sisi wote tuliisikia: maji ya kwanza usimwage yote, maziwa mwisho, usifunike. Jioni hiyo mimi na mke wangu tulionja tukatazamana. Ilikuwa chungu kama dawa. Mama hakuigusa kabisa. Alisema bado. Siku ya pili ilipashwa moto, maziwa yakaongezwa, akasema bado kidogo. Siku ya tatu aliomba ugali.

Alikula polepole, alikuwa anamega na kuchovya na kumega. Alimaliza mboga, akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho. Mke wangu alisimama mlangoni, bado na sare zake za kazini, na aliondoka kabla Mama hajainua uso. Nilimkuta jikoni akijifuta macho kwa kitambaa cha sahani. Kwa miezi mitano alikuwa akiandika kwenye daftari kila kitu ambacho Mama alikula. Siku hiyo hakuandika.

Sitaki kusema kwamba ni mboga iliyomponya. Mfupa uliunga kwa wakati wake, na kulikuwa na dawa, na mazoezi ambayo mke wangu alimlazimisha kila asubuhi. Lakini alianza kuwa na sababu ya kutoka nje. Kwanza alitembea hadi kwenye dodo, kisha hadi kwenye kunde, na mwezi uliofuata hadi mwisho wa sucha, ambako alisimama akishika chuma chake kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine. Mama mdogo alikuja kila mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, halafu nne. Walilala chumba kimoja. Tuliwasikia wakiongea Kiluhya kupitia ukutani, na mara nyingi ilikuwa ni habari ya Baba, na mara nyingi walikuwa wanamcheka.

Mama aliishi kwetu mwaka mmoja na miezi miwili. Alipoweza kutembea kwa fimbo tu, alisema anarudi Iguhu. Tulimsihi abaki. Akasema nyumba haiwezi kukaa bila moshi. Binamu yangu alirudisha bustani, akachimba matuta yeye mwenyewe, nadhani kwa aibu. Mama mdogo naye alimwachia kaka yake ile ardhi ya pembeni mwa miwa ailime, akaja akafungua tena mlango wa jiko lake la zamani. Hawakutangaza lolote. Watu wa kanisa waliwaona Jumapili moja wameketi benchi moja, na hiyo ikawa taarifa.

Huku nyuma ya nyumba yangu bado nalima. Nimejifunza kwamba kuchagua mboga ni kuwajua watu utakaowalisha, na kwamba nilikuwa siwajui vizuri kama nilivyodhani. Msimu huu mke wangu ameamua anataka kabichi, mbili tu, katikati kabisa, na nimezipanda. Saga nimeipunguza. Mrenda nimeuongeza, na sasa naula.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Niliwakuta wameketi kwenye mkeka uani, katikati yao malenge mawili yaliyopasuliwa, moja la kijani lenye mabaka, jingine la rangi ya maziwa. Walikuwa wanabishana ni lipi lenye seveve nzuri zaidi, maana kwetu malenge huliwa majani kabla ya tunda. Mama mdogo alisema la mabaka, majani yake hayana miiba midogo inayosumbua ulimi. Mama alisema mtu anayeogopa miiba ya seveve basi ale mkate. Walinitaka niamue. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya mipaka ya mashamba ambayo haikuwa migumu hivyo. Nikasema nitapanda yote mawili, halafu nitawaambia.

Walinioshea mbegu, wakazifunga kwenye gazeti, kila mtu na zake, na kila mmoja akaninong'oneza kando kwamba zake nizipande upande wenye jua. Nilizipanda kando ya ua, Jumapili jioni, ardhi ikiwa bado na unyevu. La mabaka, lile la mama mdogo, limeota kwanza. Mama amepiga simu mara mbili kuuliza, na mara zote mbili nimemwambia yote yanaendelea vizuri.